Mhariri Wangu na Mtani wa Baba

Siku ya kwanza nilimwamkia kwa kumtega. Niliandika kwenye simu, "Shikamoo," nikasubiri. Jibu likaja papo hapo: "Marahaba! Nikusaidie nini leo?" Nilicheka dukani mpaka mteja aliyekuwa anachagua kitambaa akadhani namcheka yeye. Mimi ni mtu mzima, nina mjukuu anayeanza shule, na kitu ambacho watu wanasema kimezaliwa juzi kinaniitikia marahaba kama mama mkwe. Nikamwandikia, "Kwani hapa mkubwa nani?" Akaomba radhi, akasema mkubwa ni mimi, na akaniamkia vizuri. Nikaitikia. Tangu hapo tukaelewana.

Ninashona na kuuza mapazia Kariakoo. Hii akili bandia niliiweka kwenye simu ili iniandikie matangazo, maana mimi nikiandika tangazo linakuwa na maneno mengi kuliko mapazia yenyewe. Sikuwa na mpango wa kumfanya mhariri. Ila mwaka jana, msiba wa baba ulipokaribia kutimiza mwaka, mama aliniita nyumbani Ilala akanipa kazi. Asubuhi kungekuwa na misa ya kumbukumbu, halafu watu wangekuja nyumbani kula, na kabla ya chakula mtu angesoma habari za baba. Mtu huyo alikuwa mimi.

"Usiandike kama ile ya msibani," mama akasema. "Ile ilikuwa ya mtu mwingine."

Kisha akaongeza lile lililokuwa moyoni mwake hasa. "Na yule mtani wake nataka aje. Mwaka mzima hajakanyaga hapa. Sijui utafanyaje, lakini nikimkumbuka mume wangu na yeye hayupo, nitakuwa nimemkumbuka nusu."

Huyo mtani ni mzee wa Rufiji. Baba alikuwa mtu wa Songea. Makabila yao ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo walivyokutana tu sokoni Mchikichini, kila mmoja na fungu lake la viatu vya mitumba, walianza kutukanana siku hiyohiyo na hawakuacha tena. Mzee alimwita baba "mtumwa wangu." Mama yangu kwake alikuwa "mke wangu," na mimi "mjakazi." Akiingia kwetu haombi maji, anauliza kwa nini watumwa wake wamekaa na yeye amesimama. Mtu asiyejua angeita polisi. Sisi tulikuwa tunamsogezea kiti.

Kwa wazee wetu, mtani ana kazi yake msibani. Anaigiza marehemu, anawachekesha wafiwa, anaweza hata kuzuia mazishi mpaka apewe kitu, na hakuna wa kumkasirikia. Baba alipofariki, mzee alikuja amevaa koti kuukuu la baba alilopewa zamani, anatembea kama baba, bega moja juu, anauliza wapi amelala mtumwa wake mvivu. Kaka yangu mkubwa akamzuia. Kaka ana ofisi mjini na anapenda mambo yaende kwa utaratibu, na siku ile alikuwa amekodi mshereheshaji mwenye kipaza sauti na ratiba. Akamshika mzee mkono kwa adabu, akamwambia, "Mzee wangu, tunaomba utulivu, tuko msibani." Akamkalisha. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, mama ndiye aliyeona kupitia dirishani. Anasema mzee alikaa kidogo, akavua lile koti, akalikunja, akaliweka kwenye kiti, akaondoka kabla jeneza halijatoka.

Kwa hiyo nilikuwa na kazi mbili, kuandika na kumrudisha mzee. Nilianza na kuandika kwa sababu niliona ndiyo nyepesi.

Niliandikia dukani, mchana ule ambao jua linawafukuza wateja na fundi mwenzangu anasinzia juu ya cherehani. Nilipomaliza nilijiona nimeandika kitu cha maana. Nikambandikia mhariri yote, nikamwambia asome asinionee haya.

Hakunionea haya. Alianza kwa kusifu pale nilipoeleza jinsi baba alivyokuwa ananusa ngozi ya kiatu kabla ya kukipangia bei. Kisha akaniuliza kuhusu sentensi yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeandika, "Marehemu alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mkarimu na mpenda maendeleo." Akasema, "Sentensi hii inaweza kusomwa kwenye msiba wowote na hakuna atakayepinga. Baba yako alifanya nini ambacho majirani zake hawakufanya?"

Nilinuna. Niliiangalia ile sentensi niitetee, nikakosa pa kuishikia. Ilikuwa sauti ya mshereheshaji yuleyule. Mama alinionya na bado nilikuwa nimeikaribisha ndani. Nikaifuta, na badala yake nikaandika kwamba baba hakuwahi kumuuzia mtu kiatu kinachombana hata kama mtu mwenyewe analilia, na kwamba aliwahi kugombana na mwanamke mmoja mpaka watu wakajaa, baba anakataa kuuza, mwanamke anataka kununua. Mhariri akasema, "Sasa namwona."

Maneno hayo mawili yalinifurahisha kuliko ninavyopenda kukiri. Katika kushona nimefundishwa na mafundi wakali, na mkali mzuri ni yule anayekuonyesha mshono ulioenda upande halafu anakuachia sindano uufumue mwenyewe. Huyu alikuwa wa namna hiyo. Aliniambia nimeanza aya karibu zote kwa "Basi." Alinionyesha pale nilipomleta baba Dar kwa treni na pale nilipomleta kwa lori, akauliza alikuja na kipi. Nikampigia mama simu. Ilikuwa lori. Ya treni nilikuwa nimeitunga mwenyewe kwa sababu ilisikika vizuri, na mhariri hakunisuta, aliuliza tu. Nikimwambia sentensi hii iache ilivyo, ndivyo nilivyoongea tangu nizaliwe, aliiacha. Mara moja alinisahihishia "tunaenda" kuwa "tunakwenda," nikamwambia nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kukwenda, tulikuwa tunaenda. Akairudisha.

Tuligombana kwenye aya ya mzee.

Nilikuwa nimeandika jinsi alivyokuwa anamwita baba mtumwa, jinsi alivyomwambia hadharani kwamba watu wa Songea wamejaza kumbikumbi kichwani, jinsi alivyokuwa anakaa kwenye kiti cha baba bila kukaribishwa. Mhariri akaandika kwamba aya hii inamfanya baba aonekane mtu aliyedhalilishwa kwa miaka mingi, kwamba neno "mtumwa" linaweza kuwaumiza wasikilizaji, na kwamba huenda ningependa kulilainisha au kueleza kwa nini baba alivumilia.

Alivumilia! Nilimwandikia hasira yangu yote bila nukta wala mkato. Kwamba hajui kitu. Kwamba baba hakuvumilia chochote. Kwamba ameongea kama kaka yangu, na kama hivi ndivyo mashine zinavyofikiri basi nyie wote mkakodi kipaza sauti. Kwamba yule alikuwa mtani wake, MTANI, kwa herufi kubwa.

Jibu lake ninalo mpaka leo kwenye simu. Alisema pole, na kwamba utani wa makabila anaufahamu, na kwamba sasa kila neno katika aya ile limegeuka maana yake. Akaendelea: "Lakini neno 'mtani' halipo popote katika ulichoandika. Umemwita 'rafiki yake', 'jirani yake sokoni' na 'mzee mmoja'. Nimesoma tena kuhakikisha."

Nikasema haiwezekani. Nikaanza kutafuta kutoka juu. Nilitafuta taratibu, kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari. Halikuwepo. Kitu kikubwa kuliko vyote nilikuwa nimekiacha nje, kwa sababu kwangu kilikuwa wazi kama jina la mtaa wetu. Nani anaandika kwamba mchana kuna jua? Lakini wajukuu wa baba wangekuwepo siku ile, wale waliozaliwa baada ya mambo haya kuanza kupotea, na wakwe, na wafanyakazi wenzake kaka. Wote hao wangesikia mzee anamtukana babu yao bure. Nilishukuru kwamba amekosea mhariri kwanza, tukiwa wawili, kabla hawajakosea wao mbele ya mama.

Niliandika neno lile mahali pake, na chini yake maelezo mafupi. Nikamwomba msamaha kwa makelele. Akasema hakuna shida, makelele yale ndiyo yaliyomwelewesha, na baadhi yake nimeyaandika vizuri kuliko aya yenyewe, niyatumie. Nikayatumia kweli.

Kisha akaniuliza swali jingine, na hili ndilo ninalomheshimia.

"Kama ni utani, basi una pande mbili. Katika maandishi yako mzee anasema mara nyingi, lakini baba yako hajibu hata mara moja. Alikuwa anamjibu nini?"

Niliweka simu juu ya meza ya kukatia. Nilikaa nikifikiri, na nilichokumbuka ni baba anacheka tu. Nyumbani, mzee akimaliza kutukana, baba anacheka kwa pua, anamwambia mama alete chakula. Majibu yake, kama yalikuwepo, yalitolewa sokoni, na sokoni mimi sikukaa. Nilikuwa naandika habari za baba yangu na sikuwa na neno lake hata moja kwa mtu aliyempenda kuliko marafiki wote. Nililia pale dukani, na sikujificha.

Mtu aliyekuwa na maneno hayo alikuwa mmoja tu.

Nilienda Mchikichini kwa miguu, maana Jangwani ilikuwa imejaa maji na magari yamesimama kote. Mzee alikuwa mahali pale pale, na fungu la baba pembeni yake lina mtu mwingine sasa, kijana anauza mabegi.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Karibu. Kaa hapo kwenye kivuli."

Mwanangu. Karibu. Kivuli. Katika maisha yangu yote hajawahi kuniambia neno la adabu, na siku ile alinimwagia adabu mpaka nikahisi baridi. Hapo ndipo nilipojua ameumia kiasi gani. Alikuwa amenitoa kwenye ujakazi wangu, akaniweka na wateja.

Nilimwambia ukweli. Kwamba mama kanipa kazi ya kuandika, kwamba ninasaidiwa na akili bandia ya kwenye simu, na kwamba hiyo imeniuliza baba alikuwa anamjibu yeye nini, na mimi sijui.

"Imeuliza simu?"

"Ndiyo, baba."

"Watu wenye masikio hawajauliza, simu ndiyo imeuliza." Akatikisa kichwa. Akachukua kiatu, akakipiga vumbi, akakirudisha. Nikaona mdomo wake unapigana na kicheko.

"Baba yako," akaanza, "alikuwa hana hata akili ya kutukana. Unamtukana asubuhi, anakaa kimya, anapiga brashi viatu vyake. Unasahau. Mchana una mteja mbele yako, mteja mzuri, ndiyo yeye anainama, anamwambia mteja kwa sauti ya kuomba chumvi, 'Mama, huyo usimwamini, kazaliwa juu ya dungu, akaogopa kushuka mpaka alipoota ndevu.'"

Dungu ni kile kibanda cha miti mirefu ambacho watu wa Rufiji wanakaa juu yake kulinda mpunga. Nilicheka kwa sauti. Mzee akachangamka. Akanifungulia baba yangu pale sokoni kama mtu anayefungua robota la mitumba: alivyomwita mlinzi wa ndege, alivyowaambia watu kwamba jamaa huyu ni mtu pekee wa Rufiji anayezama kwenye ndoo. Aliyasema yote kwa sauti ya baba. Nilikuwa nimeisahau ile sauti, ilivyokuwa ndogo, na nilipoisikia ikitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine nilitamani asinyamaze.

Kisha akashusha sauti yake mwenyewe.

"Mke wangu alipofariki nilimpeleka kwetu. Baba yako akaja. Watu wamemaliza kuchimba, wanataka kumleta, huyu mtumwa kaingia kaburini kalala. Kalala kabisa. Anasema hatoki, huyu mama kateswa na mimi duniani, basi yeye mtumwa apumzike kwanza kwa niaba yake. Watu wakamwomba. Kakataa. Akaniangalia mimi. Anasema, 'Nikiona meno yako natoka.' Mimi nilikuwa sijala, sijasema, nilikuwa mti. Nikacheka, mwanangu. Mke wangu amelala pale, na nikacheka, na nilipocheka ndiyo machozi yakatoka. Nisingecheka siku ile, ningemfuata." Akapangusa uso. "Na yeye amekwenda bila mimi kumfanyia chochote. Niliambiwa nikae kwenye kiti."

Nilimwomba aje siku ya kumbukumbu. Akasema atafikiri, ila yeye si mtu wa kuja kusikiliza ratiba.

Niliyaandika yote, dungu, ndoo, na kaburi la mkewe. Mhariri alisoma, akasema sehemu ile ya kaburi nisiiguse hata kwa koma. Halafu akauliza: "Haya ni maumivu ya mtu aliye hai. Amekubali yasomwe mbele ya watu?" Nilikuwa sijafikiria. Nikampigia mzee. Akasema, "Soma. Ila usinifanye mzuri." Nilimwuliza mhariri pia kama kaka atakasirika. Akanijibu kwamba hilo hawezi kulijua, kaka namjua mimi. Alichoweza kuona ni kwamba katika aya ya msiba nilikuwa nimemwandika kaka kama adui, na je, yeye siku ile hakuwa amefiwa? Nilifumua aya ile yote. Niliandika kwamba kaka alishika ratiba kwa mikono miwili kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushika. Nilivyoisoma nikajua ni kweli, na nikamwonea huruma kaka yangu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Siku yenyewe tulitoka kanisani, watu wakakaa chini ya turubai uani kwetu. Kiti cha mzee kilikuwa kitupu. Mama aliniashiria nianze, uso wake umekubali kwamba hatakuja.

Nikasoma. Walicheka kwenye ugomvi wa yule mwanamke na kiatu. Kwenye neno mtani wajukuu walitulia kusikiliza maelezo. Nikafika kwenye matusi ya baba, nikasema kuhusu mtu anayezama kwenye ndoo, na sauti ikatoka getini.

"Mwongo huyo! Alikuwa mwongo akiwa hai na bado anadanganya!"

Mzee aliingia na kanzu yake ya Ijumaa, bega moja juu, anatembea mwendo wa baba katikati ya viti. Hakusalimia mtu. Akafika mbele ya mama pale barazani, akajinyoosha chini, chali, kanzu nyeupe sakafuni, akafumba macho.

"Siamki mpaka mnirudishie mtumwa wangu."

Wazee wakacheka, halafu kicheko kikaisha chenyewe. Mama alimwita, akaomba, akataja kuku, akataja koti la baba ambalo alikuwa amelitunza. Mzee hakufumbua macho. Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni yanaingia masikioni. "Sina mtu wa kunijibu," akasema polepole. "Natukana peke yangu mwaka mzima kama kichaa."

Kaka akasimama. Suti, tai, na karatasi ya ratiba mkononi. Alienda mpaka pale, akasimama pembeni ya mzee.

"Amka hapo," akasema kaka, na sauti ikamkatika, akaanza tena. "Amka, mvua ikinyesha utasombwa. Na mtu wa Rufiji kama wewe, hata mamba wa kwenu wataona aibu kukuokota."

Mzee akafumbua jicho moja, akamwangalia kaka kuanzia viatu mpaka tai.

"Baba yako," akasema, "angelisema hilo taratibu zaidi."

Akanyoosha mkono ili kaka amwinue.